Kampuni Inapofanya Biashara na Watu Wake: Mbinu za Kusoma na Kuhoji

Mwanahisa wa kawaida akipata ripoti ya mwaka hutafuta mambo mawili: faida imepanda kiasi gani, na gawio ni shilingi ngapi kwa hisa. Ana haki. Lakini karibu na mwisho wa taarifa za fedha kuna tanbihi inayoeleza fedha zilizotoka kwa njia nyingine kabisa na kuwafikia wenye nguvu ndani ya kampuni: kampuni mama, wakurugenzi, mameneja wakuu, familia zao na kampuni wanazozimiliki. Hiyo ndiyo tanbihi ya miamala na wahusika wenye uhusiano, na kwa mwekezaji mdogo sioni ukurasa wenye thamani kuliko huo.

Gawio hulipwa sawasawa kwa kila hisa. Tuseme mwenye hisa mkuu ana asilimia 60, nanyi wengine mna asilimia 40. Kampuni ikitoa gawio la shilingi bilioni 10, yeye anapata bilioni 6 na ninyi bilioni 4. Ikimlipa bilioni 10 hizo hizo kama ada ya usimamizi au mrabaha wa nembo, anazichukua zote. Huenda alizistahili kwa huduma aliyoitoa, huenda hakuzistahili. Tanbihi imewekwa ili uweze kujua, na inafaa tu pale inaposomwa.

Suala hili liko hapa hapa kwetu. Kampuni kadhaa kubwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ni za makundi ya kimataifa: kampuni ya bia, TBL, iko chini ya AB InBev, kampuni ya sigara, TCC, chini ya Japan Tobacco, Twiga Cement chini ya Heidelberg Materials ya Ujerumani, Vodacom Tanzania chini ya Vodacom Group ya Afrika Kusini. Ni kawaida kwa kampuni za aina hii kununua malighafi, teknolojia, nembo na ushauri kutoka kwa ndugu zao wa kibiashara. Biashara hiyo ni halali, na mara nyingi ina manufaa. Kinachotakiwa ni maelezo yanayomwezesha hata mwenye hisa 100 kuipima. Zifuatazo ni mbinu za kufanya hivyo.

1. Jua nani anahesabiwa kuwa mhusika

Tanzania na Kenya zote hutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu, na kinachotawala jambo hili ni kiwango namba 24, maarufu kama IAS 24. Kwa mujibu wake, wahusika ni wafuatao:

- Anayeidhibiti kampuni, peke yake au kwa pamoja na mwingine, au mwenye ushawishi mkubwa juu yake.
- Wakurugenzi wote, wakiwemo wasio watendaji, pamoja na mameneja wenye mamlaka ya kupanga na kuongoza shughuli, wa kampuni yenyewe au wa kampuni mama.
- Wanafamilia wa karibu wa watu hao: mume, mke au mwenza, watoto, watoto wa mwenza, na wote wanaowategemea.
- Kampuni mama, kampuni tanzu, kampuni dada, na kampuni zinazomilikiwa kwa ubia.
- Kampuni yoyote inayodhibitiwa na mmoja wa watu waliotajwa hapo juu.
- Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa kampuni hiyo.

Wapo wanaofikiriwa kuwa wahusika bila kuwa hivyo. Benki inayoikopesha kampuni, shirika la umeme linaloiuzia nishati na mteja mkubwa anayenunua nusu ya bidhaa zake hawaingii kwa sababu hiyo pekee. Kampuni mbili zenye mkurugenzi mmoja wa pamoja nazo haziwi na uhusiano kwa sababu ya mtu huyo tu. Kulijua hili kutakuepusha kuuliza swali la pembeni mkutanoni na kupoteza nafasi yako.

Chukua karatasi uchore ramani. Katikati weka kampuni, juu yake wamiliki hadi yule wa mwisho kabisa, pembeni kampuni dada, chini kampuni tanzu, kisha orodhesha wakurugenzi na nyadhifa zao kwingineko. IAS 24 inailazimisha kampuni kumtaja mzazi wake, na anayemdhibiti mzazi huyo ikiwa ni mwingine, hata pale ambapo hapakuwa na muamala hata mmoja. Ramani ikibaki na pengo juu, umeshapata swali lako la kwanza.

2. Kusanya kurasa zote zinazohusika

Ripoti nyingi za kampuni zetu hutolewa kwa Kiingereza. Ukiwa na nakala ya kompyuta, tafuta maneno “related party” utapelekwa kwenye kila sehemu husika. Ukiwa na kitabu, fungua tanbihi za mwisho mwisho, jirani na zile za madeni yanayoweza kujitokeza na matukio yaliyofuata baada ya kufunga mwaka.

Usiishie kwenye tanbihi moja. Soma pia ripoti ya wakurugenzi, ripoti ya malipo yao, jedwali la wanahisa wakubwa, na tanbihi za mikopo na za wadaiwa. Malipo ya viongozi wakuu lazima yaonyeshwe kwa jumla na kwa mafungu: mishahara na marupurupu ya muda mfupi, mafao ya baada ya ajira, mafao mengine ya muda mrefu, malipo ya kuachishwa kazi, na malipo yanayotolewa kwa njia ya hisa.

Zingatia zaidi dhamana na mikopo ya pamoja, kwa sababu hatari yake inaweza kuwepo kabla shilingi moja haijatoka. Machi 2002 kampuni ya Adelphia ya Marekani, iliyokuwa ikisambaza televisheni kwa waya, ilitoa matokeo yake ya mwaka. Katika tanbihi ya mwisho wa taarifa hiyo ilieleza kwamba ingeweza kubeba mzigo wa takriban dola bilioni 2.3 zilizokopwa na kampuni za familia ya Rigas, waasisi wake. Bei ya hisa ikaporomoka, na Juni mwaka huo kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Waliosoma ukurasa wa kwanza peke yake walichelewa kujua.

3. Kila muamala uudai mambo manne

Mambo hayo ni uhusiano, kiasi, salio na masharti. Huyu ni nani kwa kampuni? Mwaka huu zimepita shilingi ngapi? Mwisho wa mwaka nani anamdai nani, na kiasi gani? Deni linalipwa lini, kwa riba gani, kwa dhamana ipi, na je, kuna sehemu iliyotengwa kwa hofu kwamba halitalipika? IAS 24 inataka yote manne. Inaruhusu miamala inayofanana kuunganishwa, ila si kwa kiwango cha kumficha msomaji athari zake.

Mfano wa kukumbukwa ni Enron. Katika ripoti yake ya mwaka 2000, kampuni hiyo ya nishati ya Marekani iliweka tanbihi iliyokiri kwamba ilifanya miamala na ubia uliosimamiwa na ofisa wake mwandamizi. Jina lake halikuandikwa. Alikuwa Andrew Fastow, mkuu wa fedha, yaani mtu aliyekuwa na dhamana ya hesabu zenyewe. Tanbihi ilisema masharti yalikuwa ya kuridhisha yakilinganishwa na ya watu wa nje. Wachambuzi waliokaa nayo walikiri kwamba hawakuelewa nani alipata nini. Oktoba 2001 Enron ilipunguza mtaji wa wanahisa kwa dola bilioni 1.2, na tarehe 2 Desemba mwaka huo ikaomba kinga ya kufilisika.

Fundisho lake ni la vitendo. Ukisoma tanbihi mara mbili na bado huwezi kusema kwa sentensi moja nani alimlipa nani, kiasi gani na kwa nini, upungufu uko kwa mwandishi wake. Iandike sentensi unayoikosa, kisha ipeleke kama swali.

4. Pima kwa hesabu tatu

Tuchukue kampuni ya kufikirika. Mauzo yake ya mwaka ni shilingi bilioni 100, na faida kabla ya kodi ni bilioni 6.

Hesabu ya kwanza ni malipo kwa wahusika ukilinganisha na faida. Mrabaha na ada ya usimamizi kwa kampuni mama ni bilioni 7. Kwa hiyo kampuni mama imepata kupitia mikataba kiasi kinachozidi faida yote ya wanahisa. Hilo peke yake si kosa, lakini ni sababu tosha ya kutaka kuuona msingi wa ada hiyo.

Hesabu ya pili ni mwenendo. Rudi miaka mitatu nyuma. Kama mauzo yalikuwa bilioni 90 na mrabaha na ada bilioni 3.6, sawa na asilimia 4, basi leo zimefika asilimia 7. Mauzo yameongezeka kwa takriban asilimia 11, malipo kwa kampuni mama yamekaribia kuwa maradufu. Mkataba umebadilika? Nani aliidhinisha? Kampuni imepata nini kipya?

Hesabu ya tatu ni kasi ya kulipa. Tuseme kampuni iliuza bidhaa za bilioni 20 kwa kampuni dada, na mwisho wa mwaka inadai bilioni 15. Hayo ni mauzo ya miezi tisa hayajalipwa. Wateja wengine wamenunua kwa bilioni 80 na wanadaiwa bilioni 8, mauzo ya siku 36 hivi. Bei inaweza kuwa ileile kwa wote, lakini mmoja amepewa mkopo wa miezi tisa bila riba. Hapo ndipo upendeleo hujificha, kwenye muda wa malipo, na salio la mwisho wa mwaka ndilo linaloufichua.

5. Usikubali “bei ya soko” bila ushahidi

Sentensi inayorudiwa sana katika tanbihi hizi ni kwamba miamala ilifanyika kwa masharti ya kawaida ya soko, kama kati ya watu wasiojuana. Wengi huisoma kama hakikisho. IAS 24 inaruhusu kampuni kuandika hivyo pale tu inapoweza kuthibitisha. Kwa hiyo kuomba uthibitisho si utovu wa adabu.

Ushahidi unaokubalika ni zabuni iliyoshindanisha wauzaji wa nje, tathmini ya mthamini huru, bei anayotozwa mteja mwingine kwa bidhaa ileile, au utafiti wa bei za uhawilishaji, yaani bei ambazo kampuni za kundi moja hutozana, ule ambao mamlaka za kodi huutaka kwa kampuni za makundi ya kimataifa. Hati hiyo ya kodi ni muhimu kwako: ikiwa kampuni imeiandaa kwa ajili ya mamlaka ya mapato, haina ugumu wa kukueleza matokeo yake kwa ufupi.

6. Mashirika yenye mkono wa serikali

Serikali inapokuwa na udhibiti au ushawishi mkubwa, IAS 24 hulegeza masharti, maana kuorodhesha kila muamala na kila taasisi ya umma kungekuwa mzigo usio na faida. Chukua Kenya Power na KenGen, zote mbili zikiwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Serikali ya Kenya inamiliki asilimia 50.1 ya ile ya kwanza na asilimia 70 ya ile ya pili, na Kenya Power hununua umeme wa KenGen. Mwenye hisa za upande wowote anaathirika na bei ya umeme huo na muda wa kuulipia.

Nafuu hiyo haifuti wajibu. Kampuni inatakiwa kuitaja serikali husika na aina ya uhusiano, kueleza kila muamala mkubwa na kiasi chake, na kuonyesha ukubwa wa miamala mingine inayopata uzito ikiunganishwa. Tazama hasa madeni ya zamani kati ya mashirika hayo, kwani faida iliyoandikwa vitabuni lakini haijalipwa ni vigumu kugeuka gawio.

7. Tafuta kilichokosekana

Tanbihi huonyesha kile tu kampuni ilichokubali kukionyesha. Aprili 2016, Chase Bank ya Kenya, iliyokuwa na hatifungani katika soko la Nairobi, ilitoa upya hesabu zake za mwaka 2015 siku chache baada ya kuzichapisha. Mikopo kwa watu wa ndani iliongezeka kwa takriban shilingi bilioni 8 za Kenya kati ya toleo la kwanza na la pili. Wateja wakakimbilia kutoa fedha zao, na tarehe 7 Aprili benki ikawekwa chini ya mrasimu.

Huwezi kukagua vitabu vya kampuni, lakini unaweza kulinganisha. Orodha ya wakurugenzi wa ramani yako ipeleke kwenye rejista ya makampuni. Tanzania, BRELA hutoa taarifa za kampuni kwa ada. Kenya, hati ya CR12 huonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni binafsi. Ukikuta mkurugenzi ana kampuni ya usafirishaji, na kampuni yako iliyoorodheshwa imebadilisha msafirishaji mwaka huu, una swali. Kwa benki za Kenya, taarifa za kila robo mwaka huwa na mstari wa mikopo ya wakurugenzi, wanahisa na washirika wao. Uufuate kila robo, na ukumbuke kwamba kanuni za benki za nchi hiyo zinaweka kikomo cha asilimia 20 ya mtaji mkuu kwa mkopo wa mtu mmoja wa ndani.

Linganisha pia ripoti mbili. Kampuni A ikisema imeiuzia kampuni dada B, na B nayo imeorodheshwa au inachapisha hesabu zake, kiasi kiwe kimoja pande zote mbili kama miaka yao ya hesabu inalingana.

8. Uliza mapema, uliza kwa maandishi

Desemba 2008 bodi ya Satyam, kampuni ya kompyuta ya India, iliidhinisha kununua kampuni mbili za familia ya mwenyekiti wake, Ramalinga Raju, kwa dola bilioni 1.6. Wawekezaji walipinga vikali, na mpango ukafutwa kabla siku haijapita. Tarehe 7 Januari 2009 Raju alikiri kwamba hesabu za Satyam zilikuwa zimeghushiwa kwa miaka. Upinzani dhidi ya muamala mmoja wa wahusika ulisaidia kufichua udanganyifu mkubwa zaidi.

Kwa hiyo usingoje mwisho wa mwaka. Ukisikia tangazo la kampuni kununua, kuuza au kukopesha mali kwa mtu wake, omba waraka wa wanahisa, na soma nani anapiga kura na nani ana maslahi. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inataka wanachama waidhinishe miamala mikubwa ya mali kati ya kampuni na mkurugenzi wake.

Kwa mkutano mkuu wa mwaka, mwandikie katibu wa kampuni kabla ya siku yenyewe, taja ukurasa na namba ya tanbihi, kisha uliza maswali mafupi yasiyozidi matatu. Mfano:

“Ndugu Mwenyekiti, kwa mujibu wa tanbihi ya miamala na wahusika, mrabaha na ada ya usimamizi vimepanda kutoka bilioni 3.6 hadi bilioni 7. Malipo hayo hukokotolewa kwa msingi gani, nani aliidhinisha ongezeko, na mjumbe mwenye maslahi alishiriki katika uamuzi huo?”

Swali la namna hiyo halimtuhumu mtu, na ni vigumu kulijibu kwa hotuba. Usipoweza kuhudhuria, teua mwakilishi na umpe swali lako mkononi. Jibu lisiporidhisha, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kwa Tanzania, na mamlaka ya masoko ya mitaji kwa Kenya, ndizo zenye jukumu la kusimamia kampuni zilizoorodheshwa. Waandikie ukiambatanisha kurasa.

9. Kwa walio ndani ya kampuni

Wahasibu na makatibu wa kampuni, tanbihi nzuri haitengenezwi wiki ya ukaguzi. Wekeni rejista ya wahusika na mkaihuishe kila mkurugenzi anapoingia, anapotoka au anapopata maslahi mapya. Wekeni alama kwenye akaunti zao katika mfumo wa hesabu ili kila ankara ijitokeze yenyewe. Muamala uidhinishwe kabla ya mkataba kusainiwa. Sheria za kampuni za Tanzania na Kenya humtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake, na utaratibu bora ni atoke chumbani wenzake wanapoamua, kumbukumbu zikionyesha hivyo. Ushahidi wa bei uhifadhiwe siku ya uamuzi, maana ukitafutwa mwaka mmoja baadaye huonekana kama umetengenezwa. Kisha andikeni kwa lugha ambayo mwalimu mstaafu mwenye hisa zenu ataielewa.

Mwanahisa mwenzangu, ripoti ya mwaka imeandikwa kwa ajili yako. Mwaka huu ikikufikia, anza na tanbihi hii kabla ya kuangalia gawio, na usiondoke mkutanoni bila jibu. Kampuni ambayo bodi yake imezoea kuulizwa maswali haya kila mwaka hujifunza kuandaa majibu kabla ya kusaini mikataba.